Binti wa Mwenye Nyumba

Kitinda aliogopa mwisho wa mwezi kuliko watu wanavyoogopa mbwa. Mbwa utamtupia kitu atulie. Mwisho wa mwezi hautulizwi. Unakuja na mama mwenye chumba, mikono kiunoni, anajifanya amepita tu kukujulia hali, kumbe macho yake yako kwenye mkoba wako.

Nyumbani alikuwa kitinda mimba, wa mwisho kwa mama yake, na jina hilo la Kitinda likamng'ang'ania mpaka mjini, mpaka kwenye kazi yake ya kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa ya mapokezi, kwenye kliniki ya meno iliyokuwa ghorofani juu ya duka la viatu. Mgonjwa akipanda ngazi huku ameshika shavu, wa kwanza kumwona ni Kitinda. Anainuka, anamwamkia, anamkaribisha kiti, anamwita majina ya upole mpaka zamu yake ifike. Daktari alimwajiri kwa sababu ya sauti. "Wewe ukisema karibu," alimwambia siku ya kwanza, "mtu anasahau kwamba amekuja kung'olewa."

Sauti alisifiwa, mshahara akapewa wa kuanzia. Wa kuanzia, kana kwamba tumbo nalo lina njaa ya kuanzia na basi lina nauli ya kuanzia. Kazini alitakiwa avae viatu vyeusi vya kufunika, blauzi nyeupe isiyo na doa, nywele zimebanwa. Anayemwona pale mezani angedhani ni mtoto wa waziri. Mchana watu wakienda kula, yeye alibaki akipanga upya viti ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Mwenzake aliyekuwa akiosha na kuchemsha vifaa vya daktari, waliyezoea kumwita Dada wa Vyombo, alimtazama siku moja akamwambia, "We mtoto, hivyo viti vitakuomba talaka. Njoo ule hapa." Akamgawia nusu ya chakula chake.

Basi siku moja mama mwenye chumba akapiga simu katikati ya kazi. Amesikia kwamba Kitinda anafanya kazi kwa daktari. Kwa hiyo anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, na kama haipo, kuna watu wanakisubiri chumba. Kitinda akainama nyuma ya meza, akaziba mdomo kwa kiganja, akabembeleza. Mama, naomba. Mama, nipokelee hata nusu. Mama, nitalala wapi? Simu ikakatwa. Alipoinua uso, machozi yamejaa, mgonjwa mmoja alikuwa amesimama mbele yake.

Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limenyooka, na uso wake nusu ulikuwa umelala kwa sindano ya ganzi. Daktari alikuwa amemziba jino kwa dawa ya muda tu, akamwambia arudi baadaye kuzibwa vizuri. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Samahani, binti. Nimekusikia. Masikio hayana kifuniko."

"Shikamoo, mzee. Nisamehe kwa kelele."

"Marahaba. Unaona? Mimi ndiye nimedokoa maneno ya watu, na wewe ndiye unaomba msamaha. Umelelewa wewe. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mzee. Mbali."

"Mfikishie salamu. Mwambie kazi aliifanya."

Alisema yeye ni dalali wa nyumba. Kuna mtu mmoja anaishi nchi za nje na watoto wake, ameacha nyumba nzima, na nyumba isiyo na mtu wezi wanaijua kwa harufu. Anatafutwa mtu mwaminifu wa kukaa mle mpaka apatikane mpangaji mzuri. Kufungua madirisha asubuhi, kuanika nguo uani, kumwagilia maua, taa ziwake. Basi. Kodi hakuna.

"Hakuna kabisa?" Kitinda akauliza.

"Wewe ndiye utakuwa unatusaidia sisi, mwanangu. Nikudai tena?"

Nyinyi mnaosoma, na hasa nyinyi wenye watoto mjini, hapo ndipo pa kuwashika mkono. Mtoto akiwapigia simu akasema amepata pa kukaa bure, msishangilie kwanza. Dada wa Vyombo alivyosikia, aliweka chini koleo la meno akasema, "Bure? Mji huu hata hewa nzuri iko upande wa matajiri. Bure ya nani?" Lakini mwenye njaa husikia nusu ya maneno, na Kitinda akasikia ile nusu yake.

Mama yake kwenye simu aliuliza mengi. Nyumba nzima? Peke yako? Mlango una komeo la ndani? Majirani ni watu gani? Kisha furaha ikamshinda woga, akalainika. "Haya, mwanangu. Ila sikiliza. Umekaa kwa watu, kaa kwa adabu. Akija mgeni hapo, mkaribishe, mpe maji, usinitie aibu."

"Sawa, mama."

Nyumba ilikuwa na geti la bluu, uzio, sakafu ya vigae na sebule yenye makochi yaliyofunikwa mashuka. Siku ya kuhamia, Dalali alimsimamisha mbele ya geti, akampiga picha kwa simu, Kitinda ameshika kitambulisho chake kifuani. "Mwenye nyumba anataka kujua nani analala kwake," alisema. Lilikuwa neno la haki. Kitinda hata akatabasamu kwenye picha.

Vyumba vikubwa vilimtisha. Kila akikohoa, sauti ilimrudia kama kuna mwingine. Akachagua kile kidogo cha nyuma, karibu na jiko, akatandika godoro lake chini. Hata hivyo, mwisho wa mwezi ule ulipita bila mtu kusimama mlangoni. Alinunua mafuta ya kupaka. Alimtumia mama yake kitu kidogo. Mchana alikula kwa pesa yake, na siku moja akamgawia Dada wa Vyombo, akajisikia mtu kati ya watu.

Wageni wakaanza kuja, kila mara siku za mapumziko, wakiongozwa na Dalali. Wa kwanza walikuwa mume na mke wenye watoto pacha wachanga. Mwanaume alijitambulisha kwa fahari kama Baba Pacha. Kitinda aliposikia hodi getini, alijibu karibu kabla hajajua ni nani, kama tunavyojibu sote, akatoka akikimbia.

Dalali akasema, "Huyu ndiye binti wa mwenye nyumba."

Kitinda akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Utamkanushaje mtu mzima mbele ya wageni wake? Angeonekana mtoto wa namna gani? Akameza neno, akawapokea, akawaletea maji kwenye sinia. Mke wa Baba Pacha alipotaka kuona jikoni, Kitinda akampokea pacha mmoja, akambembeleza begani mpaka akalala. "Nyumba ina baraka hii," yule mama akasema. "Ona watu wake."

Walipoondoka alimwuliza Dalali taratibu, "Mzee, mbona umesema mimi ni binti wa mwenye nyumba?"

"Ah, mwanangu! Nikisema wewe ni mlinzi, watakudharau. Wapangaji wana nyodo sana. Mimi nakuvika heshima, wewe unaivua?"

Na Kitinda, mtoto wa watu, akamwambia asante.

Akaja mwingine, bwana mnene mwenye lori lake la kokoto, ambaye hakukaa hata dakika, aligonga kuta kwa ngumi akaondoka. Kisha akaja mkunga mstaafu, mama mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Huyo aliikagua nyumba kama anayempima mjamzito. Alibonyeza kuta, alifungua mabomba, aliinamisha sikio kwenye bomba la choo. Mwisho akakaa kwenye kochi, akapokea maji, akamkazia Kitinda macho.

"Mmekaa kwa amani humu?"

"Ndiyo, mama. Pana amani."

"Nimezunguka nyumba nyingi. Madalali wote waongo," akasema, na Dalali akacheka sana. "Lakini pale alipolelewa mtoto kama huyu hapawezi kuwa pa kitapeli. Jumamosi ijayo nitakuja tumalizane."

Kitinda akadhani wanamalizana kodi. Akamfungulia geti kwa mikono miwili.

Alhamisi maji yalikatika mtaa wa kliniki, na bila maji hakuna wa kutibu meno. Daktari akawaruhusu. Kitinda akarudi nyumbani jua bado kali, akalala kidogo, akaamshwa na hodi.

"Karibu!"

Alikuwa fundi rangi, ngazi begani, ndoo mbili mkononi. "Habari za hapa, dada? Nimetumwa na mwenye nyumba. Nianze sebuleni au vyumbani?"

"Mwenye nyumba? Amerudi?"

"Arudi kutoka wapi? Baba Pacha yupo. Si ndiye amenunua? Ameniambia mnahama mwisho wa mwezi, kwa hiyo nijipenyeze tu polepole. Poleni na pilikapilika za kuhama."

Amenunua? Kabla Kitinda hajauliza, hodi nyingine. Kijana mmoja mweusi kwa moshi wa kuchomea, futi ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Samahanini. Mimi fundi vyuma. Nimekuja kupima madirisha. Nimetumwa na mwenye nyumba."

Fundi rangi akashusha ngazi. "Baba Pacha amekutuma na wewe? Mbona hakuniambia?"

"Baba Pacha ndiye nani? Mimi nimetumwa na bosi wangu, mwenye lori la kokoto. Nyumba yake hii."

"Acha utani wewe."

"Nitanie na futi shingoni? Amelipa. Nimemwona kwa macho yangu akiwa na karatasi."

"Wangu pia ana karatasi!"

"Labda wamenunua kwa ushirika."

"Nani ashirikiane na bosi wako? Yule hata benchi hakai na mtu."

Wakacheka, wote wawili, kicheko cha watu wasiopoteza kitu. Kisha kicheko kikawafia mdomoni. Wakatazamana, wakageuka pamoja.

"Kwani sisi tunabishana nini?" akasema fundi rangi. "Binti wa mwenye nyumba si huyu hapa? Dada, baba yako ameuzia nani?"

Picha zilimpita Kitinda kichwani moja moja: mtoto begani mwake, sinia ya maji, geti alilofungua kwa mikono miwili, kitambulisho kifuani, na tabasamu lake. Tabasamu lile lilimtisha kuliko vyote.

"Sijui," akasema. "Ngojeni nimpigie... nitauliza."

Fundi rangi akamtazama kwa muda, macho yake yakabadilika. Akaokota ndoo zake. Ngazi akaiacha imeegemea ukuta, akasema ataifuata Jumapili na mwenyewe Baba Pacha. Fundi vyuma naye akaondoka akipiga simu, mgongo umemwelekea. Kitinda akafunga geti. Ngazi ile ilibaki ukutani, ishara kwamba wenyewe watarudi.

Akampigia Dalali.

"Mzee, wamekuja mafundi. Wanasema nyumba imeuzwa. Imeuzwa mara mbili."

Sauti iliyojibu haikuwa tena ya mtu mwenye kukuita mwanangu.

"Nani ameuza?"

"Wewe, mzee."

"Mimi? Waulize. Nani aliwafungulia geti? Nani aliwakaribisha, akawanywesha maji? Picha ya nani iko kwenye simu zao, na kitambulisho mkononi? Mimi jina langu wanalijua? Wewe unalijua?"

Hakulijua. Kliniki alijiandikisha jina, lakini jina la kujiandikisha mtu anajipa.

"Sikiliza vizuri. Jumamosi yule mama mkunga anakuja na kiinua mgongo chake chote. Utamkaribisha kama ulivyozoea. Atatoa, tutaondoka, na wewe sitakusahau. Ukifungua mdomo, mimi napotea, wewe unabaki na geti. Kazini kwako napajua. Ngazi zake nimezipanda."

Simu ikakatwa.

Alimpigia mama yake. Hakujua atasema nini, alitaka tu kusikia mtu wake. Simu ilipopokelewa, akabaki anahema.

"Mbona unapumua hivyo?" mama akauliza.

"Nimepanda ngazi."

"Si ulisema nyumba yenyewe ya chini, haina ngazi?"

Kitinda akaitazama ile ngazi ya fundi ukutani. "Mama..."

"Nije?"

"Usije. Kwa sasa usije, mama."

Tangu azaliwe hajapata kumwambia mama yake asije. Mama alikata simu, akashusha begi kutoka juu ya kabati. Moyo wa mzazi una simu yake nyingine.

Ijumaa Kitinda alimweleza Dada wa Vyombo kila kitu, nyuma, kwenye chumba cha kuchemshia vifaa, mvuke ukiwapanda usoni. Dada wa Vyombo hakutania hata kidogo, na hilo lilimtisha zaidi.

"Leo huendi kulala kule. Unakuja kwangu. Tuko wengi, utajibana."

"Na yule mama?"

"Mama gani?"

"Mkunga. Kesho atatoa pesa zake za uzeeni."

"Kwani ni mama yako? Kimbia kwanza wewe."

"Wenzake waliniamini mimi, Dada. Hawakumwamini yule."

"Basi nenda kituoni."

"Nikaseme nini? Picha ni yangu. Sauti ni yangu. Nikisema sikujua, wewe ungeniamini?"

Dada wa Vyombo aligeuza uso, akaanza kuhesabu makoleo ambayo yote yalikuwepo. Ndiyo, hakuwa na uhakika. Hata rafiki.

Jumamosi, Kitinda alifika mapema. Alikuwa amevaa blauzi yake nyeupe ya kazini kwa sababu hakuwa na nyingine safi. Hakuingia ndani. Alifunga geti kwa kufuli, akasimama nje, mgongo kwenye bati la bluu, ufunguo ndani ya ngumi. Mara mbili alijiambia aondoke, na mara mbili miguu ilikataa, si kwa ushujaa, bali kwa kuwa hakuwa na pa kuipeleka.

Gari dogo likasimama. Dalali akashuka mbele, shavu limemvimba kidogo upande wa lile jino. Mkunga akashuka nyuma, amekumbatia mkoba kifuani kama anavyobebwa mtoto wa saa moja.

"Hodi, binti yangu," mama akasema akicheka. "Leo umenisubiri mpaka nje?"

Neno lilikuwa tayari kinywani mwa Kitinda, neno alilofundishwa kabla ya meno ya utoto kung'oka. Lilikuwa linasukuma litoke lenyewe. Akalibana kwa meno.

"Sikukaribishi."

Mkunga akasimama. "Unasemaje?"

"Sikukaribishi. Usiingie hapa. Rudi ulikotoka."

"Mtoto huyu ana homa," Dalali akasema haraka, akacheka, akamshika mkono juu ya kiwiko, akamfinya mpaka mfupa. "Lete ufunguo, mwanangu. Mama, mwie radhi, jana hakulala."

"Homa gani ya kumtukana mtu wa makamo yangu?" Mkunga alikuwa amebadilika rangi. "Kumbe adabu ilikuwa ya kunionyesha tu! Mimi sinunui kwa watu wa namna hii. Nirudishe, Dalali."

Akageuka kuelekea garini. Na hapo Kitinda angeweza kunyamaza. Mama anaondoka, mkoba anao, kazi imekwisha. Lakini Dalali alishamwacha mkono, anamfuata mama mbio, anamnong'oneza, na mama anapunguza hatua. Kidogo kidogo anapunguza. Anasikiliza.

Kitinda akapiga kelele. Hajapata kupiga kelele mjini hata siku moja. "Mimi si binti wa mwenye nyumba! Mwenye nyumba simjui! Ameshaiuza kwa Baba Pacha, ameshaiuza kwa mwenye lori, sasa anakuuzia wewe! Mama, usimpe!"

Madirisha yakafunguka. Mageti yakalia. Dalali aliingia garini kwa utulivu kama mtu aliyesahau kitu dukani, gari likaondoka. Kabla ya kona alimtazama Kitinda kwa dirisha. Hakuwa amekasirika. Alikuwa kama anayeweka sura mahali atakapoikumbuka.

Watu wakajaa. "Si ndiye huyu anayeanika nguo kila siku?" "Ndiye, mimi namjua, mtoto wa humu." "Anamkana baba yake?" "Mwenzao huyo, wamegombana kwenye mgao!" Mtu mmoja akamshika blauzi nyuma ya shingo. Kitinda akafumba macho, akasubiri pigo la kwanza.

Badala yake akahisi vidole vikavu, vyenye nguvu, vikimshika kifundo cha mkono, hasa pale pa mapigo.

"Mwachieni," Mkunga akasema. "Moyo wake unakwenda kama wa mtoto aliyekwama. Huyu haigizi." Kisha akamwinamia, na hakukuwa na huruma nyingi katika sauti yake. "Tunakwenda kituoni mimi na wewe. Utasema yote. Ukidanganya nukta moja, wa kwanza kukushitaki ni mimi."

Alisema yote. Alisema mara tatu, kwa watu watatu tofauti, na kila mmoja alimwuliza swali lile lile: hukujiuliza kwa nini unakaa bure? Mwenye nyumba wa kweli alipatikana kwa simu, huko aliko. Alikuwa amempa Dalali funguo amtafutie mpangaji, hakuna zaidi. Mwenye lori alikuja akatukana mpaka akachoka. Baba Pacha hakutukana. Alikaa kwenye benchi, kichwa kati ya magoti. Mke wake ndiye aliyemfuata Kitinda, pacha mmoja mgongoni.

"Ulinipa maji kwa mkono wako," akasema polepole. "Ulinilalishia mtoto."

Afadhali angempiga.

Kitinda aliruhusiwa aende, lakini kila Jumatatu anaripoti kituoni mpaka Dalali apatikane, na Dalali hajapatikana. Daktari hakumfukuza. Alimtoa mezani tu, akamweka nyuma aoshe vifaa na Dada wa Vyombo, kwa mshahara ule ule wa kuanzia. "Uso wako sasa unajulikana," alisema, akitazama pembeni. Mapokezi ameletwa mtoto mwingine mwenye sauti nzuri. Kule nyuma, mikono majini, Kitinda husikiliza kila hatua inayopanda ngazi. Jino la Dalali lilizibwa kwa dawa ya muda, na dawa ya muda hutoka. Mtu mwenye jino atatafuta daktari. Kila mwanaume akikohoa mapokezi, koleo humponyoka.

Mama yake alikuta hayo. Alifika na begi lake, akaongozwa na Dada wa Vyombo mpaka kwenye chumba chao, vitanda viwili vya juu na chini, wasichana watano, nguo zimening'inia kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta. Hakusema nilikwambia, maana hakuwa amesema. Alikuwa amesema akija mgeni mkaribishe, usinitie aibu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamvuta Kitinda kwake, akamlaza kichwa mapajani, mtu mzima yule mwenye kazi.

"Twende nyumbani," akasema.

"Jumatatu naripoti, mama. Nikiondoka watasema nimetoroka."

"Basi nitakaa."

"Hapana nafasi."

"Nitakaa hivi hivi, nimeketi."

Nje mtu alikuwa akitembea kwenye ukumbi, ndara zinaburuta. Zikafika mlangoni, zikasimama.

"Hodi."

Mama akainua kichwa. Uso ukamchangamka wenyewe, kama ulivyozoea miaka yote, kifua kikavuta pumzi, midomo ikajipanga. "Ka..."

Kiganja cha Kitinda kilimfunika mdomo. Kilikuwa na baridi na harufu ya dawa ya kliniki, na kilibana kwa nguvu ambayo mama hakuijua kwa mtoto wake. Macho ya mama yakatoka. Hakujitoa. Alibaki hivyo, anapumua kwa pua juu ya vidole vya mwanawe.

"Hodi jamani," sauti ya kike ikarudia. "Ni mimi tu, jirani. Nimeleta beseni lenu."

Hakuna aliyejibu. Wakasikia beseni likiwekwa chini taratibu, na ndara zikiondoka, na hata hapo Kitinda hakuondoa mkono.